Mtani Wangu na Kompresa Isiyozimika

Mimi ni mwanamke mwoga, na sioni haya kulisema. Wengine wanaogopa nyoka, wengine wanaogopa wakwe. Mimi naogopa kompresa ya maabara yetu. Ni tangi la chuma lililolazwa ubavu, juu yake pana mota na pampu, na kazi yake ni kupeleka hewa kwenye mashine tunayopimia mafuta ya alizeti. Wakamuaji wanatuletea chupa zao kutoka Ikungi, Shelui na kwingineko, sisi tunazipima. Bila hewa ile mashine haifanyi kitu. Lakini hewa ikizidi ndani ya tangi, chuma kinapasuka, na aliye karibu hasimulii. Fundi aliyeifunga alituambia hivyo huku akicheka, kisha akaenda zake, na mimi ndiye niliyepangiwa kuihudumia kila Jumatatu.

Huduma yenyewe si kubwa. Nafuta vumbi, ambalo kwetu Singida halina likizo. Natoa chujio la hewa na kulikung'uta nje mpaka napiga chafya. Naangalia mafuta kwenye kidirisha cha kioo, kisha nafungua koki iliyo chini ya tangi ili maji yaliyojikusanya yatoke. Mwisho kabisa navuta kipete cha vali ya usalama, ile inayotakiwa kufunguka yenyewe presha ikizidi. Ukikivuta, hewa inafyatuka kwa kelele, ndipo unajua vali ni nzima. Kelele ile sijaizoea hata leo. Nafumba macho, nageuza uso, navuta kama mtu anayeng'oa jino la mwenzake.

Hapo ndipo mtani wangu alipokuwa anapata starehe yake. Jengo lile tunafanya kazi wawili tu. Yeye ni Mnyamwezi wa Nzega, mimi Mnyaturu, makabila yanayotaniana tangu enzi za mababu, na tangu siku ya kwanza aliniita mtumwa wake, nami nikamwita mpagazi wangu. Nikishika kipete tu, ananyata nyuma yangu na kugonga trei ya bati. Naruka, yeye anacheka mpaka anashika ukuta.

"Ukipasuka, mtumwa wangu," huwa ananiambia, "mimi ndiye nitakayelala kaburini mwako. Sitoki mpaka ndugu zako wanipe kuku."

Nami sikuwa nikibaki nyuma. Mara ngapi nimepiga yowe kwamba kompresa inalipuka, akatoka mbio na glavu zake mpaka getini, walinzi wakamcheka! Tumeapiana kwa wazazi, tumeapiana kwa watoto, nimewahi hata kumlilia machozi ya uongo. Utani ndivyo ulivyo, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Basi Jumatatu hiyo nilikuwa nimemaliza chujio na mafuta, kompresa inanguruma kujaza tangi. Kwa kawaida mshale wa geji ukikaribia alama nyekundu, inajizima yenyewe. Nilingoja izime ili nivute kipete. Haikuzima. Mshale ukafika kwenye nyekundu, ukaigusa, ukaendelea kupanda. Nikajiambia labda geji ndiyo mbovu. Nikavuta kipete bila hata kufumba macho. Hakikutikisika. Nikavuta kwa mikono miwili, kikabaki pale pale, kimeganda, ingawa Jumatatu iliyopita kilivutika vizuri.

Swichi ilikuwa ukutani, upande wa pili wa tangi. Kuifikia ni lazima uiname juu ya kompresa, kifua kikigusa chuma, au ujibane kati yake na ukuta. Nisiwadanganye: sikuinama. Nilikimbia. Nilitoka nje nikimwita mtani wangu, maana chumba chake na cha kompresa vimegawanywa kwa ukuta mmoja wa matofali.

"Toka! Haizimi! Vali imeganda, toka!"

Alitoa kichwa mlangoni na chupa ya mafuta mkononi. "Leo umeanza mapema."

"Siyo utani! Naapa kwa mama yangu!"

"Yule uliyemwapia wiki iliyopita?"

Akaweka chupa chini, na badala ya kukimbilia nje akaingia kwenye chumba cha kompresa. Akasimama kati ya tangi na ukuta, akapandisha mguu mmoja juu ya tangi, akalipiga kofi kama anavyopigwa ng'ombe mpole mnadani. "Njoo uone, mtumwa. Hili halina neno."

Nilisimama mlangoni. Geji ilikuwa upande wangu, yeye alikuwa haioni, na mshale ulikuwa umefika pasipo na namba tena. Nilitafuta neno ambalo sijawahi kulichezea, nikalikosa. Machozi yalinitoka, ya kweli, naye akayapigia makofi. Nilimwaza mke wake kule mtaa wa Mandewa, anayetuletea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, na nikaona wazi kwamba nikiondoka pale nitakwenda kumweleza kitu ambacho sitaweza kukieleza.

Nikaingia. Nikainama juu ya kile chuma kinachotetemeka, nikanyoosha mkono kwenye swichi. Akanizuia! Alidhani ni mieleka. Nikamsukuma, akanisukuma huku akicheka, ameuziba ukuta kwa mgongo. Nikamng'ata mkono. Sikumng'ata kwa utani, niling'ata mpaka nikaonja damu, akapiga ukelele, akajikunja, nami nikaibamiza swichi.

Mota ikanyamaza. Alikuwa ameshika mkono wake, mdomo umejaa matusi, akazunguka tangi kunifuata. Ndipo akaiona geji.

Mota imezimwa, lakini hewa yote bado imo ndani, na njia ya kuitoa ni ile koki ya chini, kidogo kidogo. Nilipiga magoti niifungue. Akanishika bega, akaniondoa taratibu.

"Nenda nje," alisema. "Nenda mbali."

Nilikwenda mpaka getini. Nilisikia hewa ikitoka, sauti nyembamba isiyokwisha, na kila ilipobadilika kidogo nilishika nondo za geti na kufumba macho. Ilipokatika, nilidhani masikio yangu ndiyo yamekufa.

Alitoka akitembea polepole, shati limemgandia mwilini, damu imemkaukia mkononi. Nilijiandaa. Nilijua ataanza na meno yangu, kisha kabila langu, kisha woga wangu, na kwa mara ya kwanza nilitamani kuyasikia hayo yote. Akasimama mbele yangu, akatazama chini.

"Pole, dada," akasema.

Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi.