Moyo Mpya wa Laptopu Nono

"Mpasue!"

"Simpasui, Mama Shukri. Kwanza hii ni mashine, si mgonjwa."

"Mpasue nakwambia! Moyo nimekuja nao mwenyewe. Kazi yako ni kutoa mbovu, kutia mzima, ufunike. Mbona kwa Mwanasha ulipasua redio mbele ya watu wala hukuogopa?"

Batula akausukuma mkebe wa samli mpaka ukamgusa fundi Kitsao kifuani. Ndani ya mkebe mlikuwa na pamba, na ndani ya pamba kibati cha mraba, kidogo kuliko biskuti, upande mmoja kinang'aa, upande wa pili kimeota visindano kama ulimi wa paka. Ilikuwa prosesa, ile sehemu inayoifanya kompyuta ifikiri. Mpwa wake wa Hola aliing'oa kwenye laptopu iliyofia mezani kwa kumwagiwa chai, akaituma kwa basi. Pamba ilikuwa safi. Mkebe ndio haukuoshwa sana.

Kitsao akanusa. "Mama, hii prosesa au sambusa?"

"Ulitaka nikuletee moyo kwenye karatasi ya sukari? Sisi kitu cha maana tunakitia kwenye chombo cha samli."

Kwenye benchi la kibanda cha fundi, pale Garsen, Shukri, mziwanda wa Batula, alikuwa ameketi na begi lake katikati ya miguu. Basi la Mombasa lilikuwa linaondoka baada ya sala ya adhuhuri, na adhuhuri haikuwa mbali. Shukri alikuwa amepata nafasi ya kusomea mambo ya mitandao ya kompyuta, masomo yenyewe ya bure, ila kwa sharti moja: kila mwanafunzi aje na laptopu inayoweza kubeba kompyuta nyingine tumboni mwake, ndani ya hiyo hiyo moja, ili ajifunzie humo bila kuharibu ya nje. Asiye nayo, nafasi anapewa mwingine. Uwezo huo una jina refu la Kizungu ambalo Batula alikataa kulitia kinywani. Yeye alisema tu, "wanataka yenye mimba."

Na laptopu ya Shukri haikuwa na uwezo huo. Hapo ndipo palipouma, kwa sababu aliyeinunua ni Batula, na Batula wa maziwa pale stendi hajawahi kupunjwa kwa ng'ombe hata siku moja.

Tangu alipofiwa na mumewe, huyu mama amenunua na kuuza ng'ombe katikati ya wanaume wenye fimbo, na wao ndio waliokuwa wakirudi nyumbani wanalia. Alikuwa akimfumbua ndama mdomo, ananusa mara moja, anakwambia mamake alilala wapi na nyasi alizokula ni za nani. Kule Chewele alikozaliwa, kwa maneno yake mwenyewe, babake alikuwa na ng'ombe jike ambaye siku moja alikunywa Mto Tana mpaka mamba wakapanda ukingoni kuuliza kuna nini. Ukimwambia Batula hilo haliwezekani, anakuuliza: "Wewe ulikuwepo?" Hukuwepo. Basi nyamaza unywe chai yako.

Kwa hiyo siku mchuuzi alipotandaza laptopu kuukuu juu ya turubai, kando ya soko la mifugo, Batula hakumngoja Shukri, ambaye alikuwa Ozi kwa shangazi yake. Alizikagua mwenyewe. Zile nyembamba akazinyanyua kwa vidole viwili, akazirudisha chini kwa huruma. "Hawa wameona kiangazi," akasema. Akaikuta moja nene, nyeusi, pana ya mgongo. Akaipapasa mbavu. Akaibonyeza meno ya herufi, moja moja, yote yapo. Ilipowashwa ikavuma feni yake kama fahali aliyeona maji, na tumboni ikapata joto. "Ana pumzi, na damu inatembea," akasema Batula, akailipia, akaifunga kwa mtandio mgongoni akarudi nayo nyumbani kifua mbele. Majirani waliokuja kuitazama walipewa chai.

"Nilipokuuliza uliichaguaje," Kitsao alikuwa anasema sasa, "ukanambia ulimpima uzito."

"Na nitampima tena. Mnyama mwepesi ana nini?"

"Mama, tafadhali," Shukri akasema. "Adhuhuri."

"Wewe kaa. Fundi, nieleze, kwa nini humpasui? Lakini useme Kiswahili cha watu."

Kitsao akavuta pumzi. Alikuwa kijana wa Kigiriama mwenye mikono mizuri na moyo wa kuku, na Batula alimpunja maziwa kila asubuhi huku akimwita mwanangu. "Sikiza, Mama. Asubuhi kitu cha kwanza nilichofanya ni kuingia ndani kwenye mipangilio. Wakati mwingine uwezo huo upo ila umezimwa, unauwasha tu, kazi imekwisha, watu wanapoteza pesa bure kununua vifaa. Nikatafuta. Haupo. Prosesa hii ilizaliwa bila."

"Tasa."

"Tasa, haya. Sasa kubadilisha. Laptopu nyingi, hasa hizo nyembamba, prosesa imeunganishwa kwa lehemu kwenye ubao wake. Ukiitoa umeua. Hii yako ni ya zamani, yake imekaa kwenye kitundu, inang'oka."

Batula akageuka taratibu, akawatazama waliokuwepo, mmoja mmoja, kama mtu aliyeshinda kesi. Waliokuwepo walikuwa wawili: Shukri, na Gershom, mzee wa Golbanti, mkulima wa mpunga na kiongozi wa kwaya, aliyekuja kutoa kopi za nyimbo akanogewa.

"Mmesikia? Hao wembamba hawapasuliki. Mnono wangu anapasulika. Nani alichagua?"

"Wewe, Mama Shukri," Gershom akasema. "Kwa kuchagua hujambo. Ng'ombe zako nazo zinajua kuchagua. Zilipita migomba ya watu wote zikaja kula ya kwangu."

"Kwa sababu ndizi zako ni tamu, Mzee Gershom. Ungepanda mbaya ungekuwa na amani."

"Sijamaliza," Kitsao akasema. "Inang'oka, lakini si kila inayoingia kwenye kitundu inakubaliwa. Mashine ikiamka inamtazama huyu mgeni: wewe nani? Kama waliotengeneza ubao hawakuufundisha kuijua prosesa hii, inaikataa. Inabaki giza."

Batula akajipiga kiganja gotini.

"Lo! Si ungesema mapema? Hilo ni jambo la ndama!"

"Ndama gani tena?"

"Ng'ombe akifiwa na ndama wake, hatoi maziwa. Ukimletea ndama wa mwingine anampiga teke. Basi unafanya nini? Unamchuna yule aliyekufa, unamvika ngozi yake huyu mgeni. Mama ananusa, anasema, ah, mwanangu huyu, anaachia maziwa. Nimefanya mara ngapi! Mara moja nilimvika ngozi mbuzi. Ng'ombe alimlea mpaka yule mbuzi akawa anakwenda malishoni na mafahali, akachumbia."

"Akachumbia nani?" Gershom akauliza.

"Hayakuhusu, wewe ni mtu wa ndizi. Fundi! Mvike ngozi ya ile ya zamani."

Kitsao akatazama dari. Kwa kweli kuna kitu kinachofanana na ngozi: ile programu ya kuiamsha mashine unaweza kuibadilisha kwa nyingine mpya inayojua wageni wengi zaidi. Alikuwa ameitafuta asubuhi hiyo hiyo. Aliyeiunda mashine alikwisha kuisahau, hakuitolea ngozi nyingine. Akamweleza hivyo.

"Basi jaribu hivyo hivyo, uchi," Batula akasema. "Pengine huyu mama hana pua kali."

"Na ikifa?"

Batula akamtazama mwanawe. Kidole cha Shukri kilikuwa kinazungusha kamba ya begi, kinazungusha, kinazungusha.

"Ikifa," akasema kwa sauti ya chini kidogo, "ilikuwa haimfai vilevile. Pasua."

Kitsao akapasua. Akatoa skrubu akazipanga kwenye kifuniko cha soda, akaondoa feni, na chini ya feni akakuta vumbi limeshikana kama blanketi. Batula akalitambua. "Unaona? Alikuwa anafuga manyoya." Fundi akafungua kitundu, akanyanyua prosesa ya zamani, akaipangusa ile ya Hola mara ya pili na ya tatu, kwa sababu ya samli, akailaza mahali pake, akaipaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, akairudisha feni. Wote wanne wakawa wameinama. Hata nzi alitua ukingoni akatazama.

Akabonyeza.

Feni ikavuma. Batula akainua mikono, "Alhamdu..." Kioo kikabaki cheusi. Kisha mashine ikalia, pii, ikanyamaza, pii, ikanyamaza.

"Amempiga teke," Gershom akasema.

"Funga mdomo, Mzee. Ngoja." Batula akavuta kigoda, akaisogelea laptopu, akaiwekea kiganja mgongoni, akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kukamulia, ule wanaomwimbia ng'ombe mgumu alfajiri, wa kumsifu kwa pembe zake na ukoo wa mamake. Sauti ilikuwa nzuri. Wapita njia wawili wakasimama mlangoni. Gershom, kiongozi wa kwaya, hakuweza kujizuia, akashika sauti ya nne, ile nzito ya chini.

Pii, ikasema laptopu.

Wakaimba beti zote. Batula akaongeza mbili za kutunga, za kuisifu feni. Pii. Mwisho Kitsao akauchomoa waya kwa heshima, akairudisha prosesa ya zamani mahali pake, akawasha. Kioo kikawaka, na picha ya maua ikajitokeza kana kwamba hakuna aliyeguswa.

"Mzima," Kitsao akasema, akajipangusa jasho. "Na nikwambie ukweli, Mama, hata angekubali, asingefaa. Kumbukumbu yake ni ndogo na joto ni jingi. Kubebesha kompyuta nyingine humo ni punda kubeba punda. Kwa pesa za prosesa ya kununua, na kazi yangu, na wasiwasi, mtu mwenye akili anachukua laptopu nyingine iliyozaliwa nao huo uwezo."

Alisema hivyo, halafu macho yake yakaenda, kwa bahati mbaya ya mfanyabiashara asiyejua kuficha, kwenye rafu. Juu ya rafu palikuwa na laptopu nyembamba ya kijivu, ya kwake, ya kuuza. Shukri alikwisha kuiona tangu asubuhi. Alikwisha kuijaribu pia, Batula alipokwenda kuchukua mkebe, na kompyuta ya pili ilifunguka ndani yake kama dirisha.

Batula akaishika kwa vidole viwili. "Hii? Hii imekufa njaa. Tazama, haina hata nyonga."

Shukri akasimama. Hakuwa mtoto wa kusimama mbele ya mamake. "Mama," akasema, "wewe ulininunulia ile kwa mapenzi, na mimi nimeishukuru. Lakini mimi nitakwenda na hii iliyokonda, ama siendi. Basi likiondoka bila mimi, kesho nitakuwa hapo stendi nakushikia kibuyu."

Gershom akakunja nyimbo zake mara mbili. Batula aliitazama ile nene, ambayo mtaa mzima ulikunywa chai kwa ajili yake, akaitazama ile nyembamba, na usoni mwake wakapita ng'ombe wote aliowahi kununua.

"Sikukosea mimi," akasema hatimaye. "Nilinunua maksai. Ni mnyama mzuri sana, wa kazi, wa jembe. Wao wanataka wa maziwa. Hilo si kosa la mnyama."

"Si kosa kabisa," Kitsao akasema upesi.

"Basi huyu mnono unamchukua wewe badala ya huyo mwembamba, na juu yake nakuongezea mbuzi. Mbuzi wangapi, hatutaji. Huyu mtu wa ndizi akisikia, jioni Golbanti nzima wanajua. Tutapatana kama madalali wa sokoni." Akauzungushia mkono wake wa kulia pindo moja la mtandio, akautandaza uliobaki juu yake. "Tia mkono chini. Nguo iko katikati, hatugusani, sheria haijavunjika. Kila kidole mbuzi mmoja. Vile utakavyoviminya, ndivyo umekubali, na hakuna kurudi nyuma."

"Mama Shukri, mimi si dalali..."

"Adhuhuri hiyo!"

Kitsao akatia mkono chini ya mtandio. Akatafuta vidole akavikuta viwili, vimesimama vigumu kama vigingi. Akatafuta vingine. Vingine vilikuwa vimefungwa ngumi. Akajaribu kukifungua cha tatu, kikateleza, akakifuata, mtandio ukawa unacheza kama mna kuku ndani. Fundi alikuwa anatoka jasho puani, Batula uso wake mkavu kama wa kadhi, mwili umeinama kwake, sauti imekuwa tamu.

"Viwili, mwanangu. Usione haya. Wewe na mimi tunajuana. Minya tu."

"Mama, ongeza kidogo, nakuomba..."

"Nimekupa vyote nilivyo navyo, Kitsao. Minya, watu wasije wakatukuta."

"Hodi," akasema Nyevu, mkewe Kitsao, na alikwisha kuingia, sufuria ya chakula cha mchana mkononi, mfuniko umepinda kwa mvuke. Akautazama mkono wa mumewe. Akaufuata mpaka ulipozamia ndani ya mtandio wa mjane.

Kwa hofu Kitsao akavikamata vile vidole viwili akaviminya kwa nguvu zake zote, na hapo biashara ikawa imekwisha: mbuzi wawili, hakuna kurudi nyuma.