Faini ya Sufuria

Kwetu Dandora, miaka ya tisini, Krismasi ilianza mapema kila mahali isipokuwa nyumbani kwetu. Majirani wa ploti, ambao vyumba vyao vilizunguka ua mmoja na bomba moja la maji, walifungulia redio nyimbo za Krismasi Desemba ikibisha hodi tu. Sisi? Thubutu! Mama alikuwa ametunga sheria: kipindi chote cha Majilio, yale majuma manne kabla ya Krismasi, atakayeimba wimbo wa Krismasi, hata akiuvumisha puani, ataosha sufuria za jioni peke yake.

"Mtoto hajazaliwa," alisema, "vigelegele ni vya nini? Majilio ni kungoja. Ngojeni!"

Mimi kungoja sikukuweza. Nilikuwa msichana wa darasa la sita mwenye mdomo mwepesi, na sufuria ya ugali niliijua kuliko kitabu cha hesabu. Baba naye, mchonga vinyago kutoka Ukambani, alikuwa mkosaji sugu: akishika patasi, wimbo unamtoka. Alikuwa akikwangua ukoko pale uani, majirani wakimtania, "Mzee, umeimba tena?" Anacheka nao.

Juu ya kabati lilikaa pango la Krismasi alilolichonga Baba mwenyewe: Yosefu, Maria, ng'ombe mmoja mwenye pembe za kwetu, na hori tupu. Kinyago cha Mtoto kilifungwa kwenye leso ndani ya droo hadi mkesha wa Krismasi.

Mwaka ninaousema, mama mdogo, yule anayemfuata Mama, alikuja kukaa nasi akiwa mjamzito, maana mumewe alikuwa dereva wa safari za mbali. Alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Ile ya pili, watu walikuwa wamemletea mashuka na soksi za mtoto, akabaki kuzigawa. Safari hii hakutaka aletewe hata uzi. Jioni tukiwasha mshumaa wa Majilio tusali, macho yake yaliganda kwenye lile hori tupu, nami nilimwomba Mungu kwa hasira kabisa: huyu usimchezee tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa sheria ya Mama, ingawa sikumwambia. Angenitambia mwaka mzima. Kungoja kwake hakukuwa kukaa bure. Alifua mapazia na vitambaa vya makochi, akapiga deki, akaenda kupatana na jirani ambaye hawakuwa wakisalimiana tangu ugomvi wa kamba ya nguo. "Mgeni asikute uchafu," alisema, "wala asikute kinyongo."

Jumanne moja, tukiwa tumeshawasha mshumaa wa rangi ya waridi, ule wa Jumapili ya tatu ya Majilio, Jumapili ya furaha, mama mdogo alishikwa na uchungu. Wazazi wangu walimpeleka hospitali. Baba akabaki kule langoni mwa hospitali kungoja habari, Mama akarudi kutuangalia. Alifua nguo zilizokuwa safi. Nikimwuliza jambo, ananijibu "mm" tu.

Jua likielekea kutua, tukasikia sauti kutoka barabarani. Ilikuwa ya Baba, akiimba wimbo wa Krismasi kwa nguvu zake zote.

"Ayaa!" kaka yangu akasema. "Leo ataosha hadi usiku!"

Mama aliinuka polepole, povu limemfika viwikoni. Baba aliingia ploti bado akiimba, machozi yakimtiririka. Mama alielewa kabla yetu. Alipiga kigelegele kilichowatoa watu wote vyumbani, yule jirani wa kamba akiwa na mwiko mkononi.

"Msichana!" Baba akasema alipopata pumzi. "Analia kama king'ora! Na mama yake mzima!"

Mama akaudaka wimbo pale Baba alipouachia. Akaimba beti zote, akicheza kwenye maji ya sabuni yaliyomwagika, na mimi nililia kwa furaha bila hata kujificha.

"Mama, faini!" nikapiga kelele.

"Leteni zote," akajibu. "Na za majirani!"

Aliziosha zote akiimba, ua mzima ukimwitikia. Alipoinamisha sufuria ya mwisho ikauke, alijifuta mikono, akachungulia ndani, juu ya kabati. Hori lilikuwa bado tupu.

"Haya," akasema. "Wetu amefika. Yule mwingine bado. Kimya!"

Nikanyamaza bila kunung'unika. Nilikuwa nimeshaona anayengojewa anavyopokelewa.