Supu Niliyoiharamisha Firenze

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikionja maharage hunirudia mdomoni. Nataka nikuhadithie leo, maana jana nilikuona pale sebuleni umeshika simu, unatazama picha za shoga yako huku unasonya. Ulisonya mara tatu. Nikakuuliza kuna nini, ukanijibu kwa Kiingereza chako kwamba hamna kitu. Haya. Wiki ijayo mnakwenda Firenze, kule Italia, pamoja, yeye ndiye aliyetafuta chumba, yeye ndiye anayejua pa kula kwa bei nafuu, na wewe roho inakuuma. Hiyo "hamna kitu" yako naijua vizuri sana. Mie niliwahi kuibeba mpaka huko huko Firenze.

Unamjua bibi yako Mwatima wa Peckham, mdogo wangu. Alipofika London mie nilikuwa hapa Ilford miaka minane, nina kazi ya ofisini, Kiingereza kinanitoka. Yeye alianza kwa kusafisha maofisi, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Lakini mtu yule, akiingia mahali, saa moja haipiti keshapendwa na keshalishwa. Wanangu, mama yako akiwa wa kwanza, walikuwa wakirudi skuli Ijumaa wanauliza mlangoni, "Leo kapika nani?" Wakisikia ni mimi nyuso zinawashuka. Babu yako naye, Mungu amrehemu, akila pilau ya Mwatima alikuwa anafumba macho. Kwangu mimi hakufumba hata siku moja. Nilikuwa nacheka nao pale mezani, kumbe ndani donge limenikaa hapa, kooni.

Basi tukapata tikiti za bei poa, mimi na yeye, siku nne. Mie nikajitayarisha kama wanavyojitayarisha wengi wetu: nikakaanga samaki, nikapika mikate ya kumimina, nikatia achari kwenye chupa, nikaufunga mzigo wote kwa plastiki. Niliogopa haramu, niliogopa na bei. Mwatima alichukua kanga mbili na ndara. Akanitazama ninavyohangaika na sanduku, akacheka, "Dada, kwani huko watu hawali?"

Nikamwambia, "Utanililia samaki wangu."

Hakunililia. Siku ya kwanza nilikaa kwenye ngazi za lile kanisa kubwa, nikafungua samaki wangu, harufu ikatapakaa, watalii wakasogea mbali, na mlinzi akaja kuniambia hapaliwi pale. Jamani, fedheha! Mwatima alikuwa kapotelea vichochoroni. Karudi ana mkate wa moto, nyanya nyekundu hizo, zabibu, na kitu cha unga wa dengu, bajia hasa ila imetandazwa kwenye sinia na kukatwakatwa. Keshajua kila kitu. Kwamba ukiona mlango una picha za vyakula, pita. Kwamba nenda mpaka usikie wenyeji tu wanapiga soga, ukale umesimama pamoja na mafundi, kwa sababu kiti wanakulipisha. Kwamba sokoni uende karibu na kufunga, nyanya zilizoiva sana wanakuongezea bure. Na mkate wao hauna chumvi, usishangae, wanaula na vitu vyenye chumvi. Yote hayo kwa saa mbili, na lugha haijui! Mie niliyesoma vitabu vya wasafiri wiki nzima nilikuwa najua saa za makumbusho tu.

Siku ya pili ndiyo yenyewe. Tulikodi chumba kwa mjane mmoja mzee, Bi Rosa. Nilipoamka nikamkuta Mwatima jikoni kwake, wanachambua sukumawiki, majani meusi yale marefu, wanacheka mithili ya watu waliozaliwa nyumba moja. Mwatima alijibana pua, akakoroma kama nguruwe, akatikisa kidole. Bi Rosa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamfungulia kila kopo na kila chupa, kimoja kimoja: maharage meupe, karoti, vitunguu, mafuta ya zeituni, mkate mkavu wa juzi. Nguruwe hamna. Supu ikatokota asubuhi nzima. Ilikuwa nzito, kijiko kinasimama. Mwatima akala, akafumba macho. Bi Rosa akamshika shavu, akamwita kwa neno ambalo hata bila kulijua nilijua maana yake ni mwanangu.

Mimi hakuna aliyenishika shavu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kipande changu cha mkate wa kumimina, mkavu.

Mchana Mwatima alikwenda kusali. Aliporudi akapakua bakuli la pili, akala kijiko kimoja, akanikaribisha, "Njoo, dada, onja, utaipenda." Na mie, mwanangu, nikafungua kinywa hiki unachokiona, nikasema, "Usile. Ulipokuwa unasali nimemwona anatia kipande cha nguruwe."

Wallahi sikupanga. Lilitoka tu, na lilipotoka nikasikia raha. Raha! Sikufichi.

Mwatima aliweka kijiko chini. Alikwenda msalani akatapika, akalia, akaoga, akatia udhu upya. Bi Rosa alibisha hodi na maji ya ndimu, Mwatima akamrudishia bakuli lake limejaa, bila kumtazama usoni. Yule mzee alibaki pale kwenye ujia kashika bakuli, haelewi. Siku mbili zilizobaki mdogo wangu alikula mkate usio chumvi na samaki wangu, aliyeanza kunuka. Ndiyo ilikuwa likizo yake ya kwanza tangu aje Ulaya. Na kwenye ndege aliniegemea bega, akasema, "Ahsante, dada. Umeniokoa."

Ile ahsante ilinichoma kuliko tusi.

Tuliporudi kulikuwa na maulidi nyumbani kwa Bi Zena, hapa hapa Ilford, mama wa Kimakunduchi aliyetulea sote tuliokuja hatuna wazazi. Mwatima akawahadithia kina mama jinsi nilivyomwokoa. Wakanisifu, mashallah, dada ni mzazi. Bi Zena hakusifu. Aliniuliza kwa upole, "Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona."

"Kilikuwa kibichi au kimekaushwa?"

Nikajidai kukohoa, nikachukua masinia kwenda kuosha. Alinifuata jikoni, akafunga mlango, akashika kitambaa akawa ananikaushia vyombo. Hakunipigia kelele. Alisema, "Salma, nguruwe hakuwamo kwenye sufuria ile mpaka ulipomtia wewe." Kisha akasema, "Halali ya Mungu umeifanya haramu kwa sababu mdogo wako kafurahi. Nenda kamwambie kabla hujala chakula kingine."

Sikula. Kesho yake nikapanda treni, nikapanda basi, nikafika Peckham tumbo linaunguruma. Nilimwambia yote nimesimama mlangoni na koti langu, mvua inanyesha. Nilidhani atanipiga. Akaniuliza, "Na yule bibi? Kafikiri mie namwona mchafu." Akalia kwa ajili ya Bi Rosa, si kwa ajili yake. Halafu akanifuta uso kwa kanga yake, akasema, "Nimekusamehe. Ingia ndani, baridi."

Na amenisamehe kweli, hana kinyongo. Lakini wewe mwenyewe umeona, ila hukujua unachokiona. Idi iliyopita, kwenye harusi ile ya Southall, nilimwambia, "Kula, nyama hii halali, nimeuliza." Mwatima alinitazama, akatabasamu, kisha akamgeukia mama yako, "Eti ni kweli?" Ndivyo anavyofanya mpaka leo. Mwenyewe hajui kama anafanya. Mimi najua kila mara.

Kwa hiyo sikwambii usione wivu, mwanangu. Utauona, umeurithi kwangu. Nakwambia ukikupanda kooni, funga kinywa. Nenda kaoge, nenda katembee, lia ukitaka, lakini usimtilie mwenzio kitu kwenye chakula chake, hata neno. Na shoga yako akikwambia, "Njoo uonje," kaa, uonje. Kama ni tamu, sema tamu, hata kama kakigundua yeye. Mkiikuta supu ile ya maharage, agizeni bakuli moja na vijiko viwili, inatosha watu wawili na inabaki.

Mola akupe safari njema na tumbo la kushukuru. Akujaalie umwone mwenzio anakula, nawe ushibe. Na kila utakachomwambia, siku zote za maisha yenu, asihitaji kumuuliza mtu mwingine.