Mwandishi wa Mbio za Hispania na Sisi Wawili

Jumamosi moja mchana binti yangu alinipeleka kwenye duka la baiskeli hapa Kilburn. Mwingereza mmoja alikuwa anazindua kitabu chake kuhusu historia ya mbio za baiskeli za jimbo moja la kaskazini mwa Hispania. Binti alijua niliwahi kushindana kwenye mbio hizo ujanani, kabla sijaja London kusomea unesi. Alidhani nitafurahi.

Mwandishi alieleza vizuri, sikatai. Alianza na wakulima na vibarua wa viwandani walioanzisha mbio hizo, wakipanda milima kwenye njia za mawe, mipira ya akiba ya magurudumu wameivaa mabegani. Akaeleza jinsi vita vilivyozisimamisha na jinsi zilivyorudi. Kisha akaonyesha picha ukutani, na niliyemwona ni mimi.

Mvua, tope mpaka kwenye meno, bandeji kwenye kiwiko cha kushoto. Bandeji ile nilifungwa asubuhi ya siku ya nne ya mbio, baada ya kuanguka. Mwandishi akasema huyu ni Mkenya aliyejitoa siku ya pili kwa kushindwa na baridi. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuhurumia.

Mimi si Mkenya, na sikujitoa. Siku ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho, nilipata pancha mlimani. Gari la timu yetu likanipita, linamkimbilia nyota wa timu, Mhispania. Nikasimama kwenye mvua mpaka gari la msaada la nyuma kabisa likanipa gurudumu. Nilifika wa mwisho, lakini ndani ya muda uliowekwa, na mwamuzi aliandika namba yangu nikimwona. Aliyejitoa siku ya pili ni mwenzangu, Mtanzania kama mimi, na wala hakushindwa na baridi. Alikuwa na malaria, na daktari wa timu akasema ni mafua tu.

Nilisimama. Binti akanivuta koti, akaninong'oneza kwa Kiingereza nisubiri watu waondoke kwanza. Sikusubiri. Nilisema mtu wa kwenye picha ni mimi, na nilimaliza mbio, nikayaeleza yote mbele ya watu. Mwandishi akapekuapekua karatasi zake, masikio yamemwiva, kisha akaniuliza:

"Kwani mlikuwa wawili?"

Mtu huyo anajua nani alishinda kila mwaka, na kwa sekunde ngapi. Anajua mshindi gani alikuwa mtoto wa muuza maziwa. Weusi katika kundi zima tulikuwa wawili tu, na kuhesabu mpaka mbili kumemshinda. Nilitoka bila kumuaga mtu.

Jioni ile nilimpigia mwenzangu, anaishi Moshi. Akacheka, akaniambia niachane nayo, hayo ni ya zamani. Nikamkasirikia na yeye. Nikamwambia watu wa namna yake ndio wanaofanya tuandikwe hovyo. Akasema taratibu:

"Kaka, wewe angalau una picha. Wanangu hawaamini kama nilifika Ulaya."

Nilimwomba radhi. Baadaye nikakaa jikoni, hasira yote ikarudi kwa mwenyewe, yule mwandishi.

Mwandishi aliniandikia baada ya wiki mbili, kwa anwani aliyoachiwa na binti yangu. Barua ya adabu kabisa: anasikitika, atasahihisha kitabu kikichapwa tena. Hakitachapwa tena, na yeye anajua. Nikamjibu kwamba simtaki anisahihishe mimi. Namtaka amwandikie mwenzangu barua kwa jina lake kamili, aeleze kwamba alikuwepo, kwamba alikuwa mgonjwa, na kwamba hakuna aliyemsikiliza, ili awasomee wanawe.

Hajajibu. Binti anasema nimeshasikika, inatosha. Haitoshi. Kila Jumatatu nikitoka zamu namwandikia tena, maneno yale yale, na sijalainisha hata moja.