Mtoto wa Degedege Hachomwi Sindano

Enzi zile nikiwa mtoto wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, hapakuwa na wa kunishinda kwa mbio, kwa matusi wala kwa uongo. Shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha mimi, maana vita viliifunga kila tulipoanza kuzoea benchi. Lakini mtaa mzima ulijua kwamba kazi ngumu natumwa mimi. Ndiyo maana siku bibi yangu alipohitaji mavi ya kiboko, hakumtazama mtu mwingine.

Cheka tu. Na mimi nilicheka.

Mdogo wangu Zaituni alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea kwa kushikilia kuta. Homa ilimwanza taratibu. Asubuhi inashuka, tunashukuru Mungu. Jioni inapanda, ukimbeba ni kama umekumbatia sufuria iliyotoka jikoni. Mama alimsagia aspirini kwenye kijiko. Bibi akamviringisha mablanketi na kuziba dirisha kwa kitenge, kwa sababu homa, alisema, inatoka na jasho, na upepo ukiingia unairudisha ndani. Mtoto akawa anaiva mle kama muhogo. Akaacha kunyonya, akaacha na kulia machozi. Analia, lakini jicho kavu. Leo najua maana yake: maji yalikuwa yamemwisha mwilini. Siku ile tulisema mtoto amekuwa jasiri.

Mchana mmoja macho yakamgeuka yakabaki meupe, mikono ikakakamaa, mwili mzima ukaanza kupapatika juu ya mkeka. Mama alipiga ukelele. Bibi hakupiga. Aliinama, akatazama, akasema neno moja.

"Dege."

Kwetu sisi Waswahili wa Buyenzi huo haukuwa ugonjwa wa hospitali. Lilikuwa ni dege, ndege mkubwa asiyeonekana; linapita juu ya bati, kivuli chake kikimwangukia mtoto anaanza kupiga mbawa kama lenyewe. Na sheria yake ilikuwa moja, ilijulikana nyumba zote: mtoto wa degedege hachomwi sindano. Ukimchoma, anakufa.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari, mtu wa kuamini bisibisi kuliko maneno. Alikuwa keshavaa viatu.

"Mama, mi namupeleka kwa daktari," alimwambia bibi, maana alikuwa mama yake mzazi.

"Umupeleke achomwe? Mukimuchoma, mutanirudishia maiti."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Nani aliniambia!" Bibi alimnyoshea viganja vyake viwili. "Hii mikono imeosha watoto wa hii quartier, mutaa muzima, tangu we haujazaliwa. Wa dege wote niliowaosha, nilikuta alama ya sindano. Wote, mwanangu. Usinifanye nimuoshe na huyu."

Na hapo hakudanganya. Ni yeye aliyekuwa akiitwa kuosha maiti za wanawake na watoto mtaani kwetu. Tena zilikuwa siku za ville morte, mji umelazimishwa kusimama, vijana wamefunga barabara kwa mawe na matairi, na dispensari ilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa. Baba alivua viatu. Sijui mpaka leo kama alimwogopa mama yake au aliiogopa barabara. Nadhani kila hofu ilipata kisingizio kwa mwenzake.

Sasa dawa. Dawa ya dege ni kumfukiza mtoto kwa mavi ya tembo. Bibi aliijua kutoka kwao Ujiji. Mama akauliza, huku analia, tembo tutamtoa wapi Bujumbura. Bibi akawaza kidogo.

"Kiboko naye ni mukubwa," akasema. "Itatosha."

Kesho yake asubuhi, njia ilipotulia, nilipewa mfuko wa unga nikaambiwa niende Kibenga, ufukweni mwa ziwa, ambako viboko hutoka majini usiku kula nyasi za matajiri. Nilipita vichochoro ambavyo hata panya wangeuliza njia. Nikamkuta kiboko mwenyewe, jamani, bado yuko nchi kavu, mkubwa kama lori la bia, ananitazama kama ninamdai. Mwingine angekimbia. Mimi nilimsalimia kwa heshima zote, nikajaza mfuko nyuma ya matako yake, nikaondoka nikipiga mluzi. Wanaosema nilikimbia hawakuwepo.

Nikirudi, mwanajeshi wa kizuizini akanisimamisha. Zamani zile watoto walibebeshwa mabomu ya mkono, kwa hiyo hakuwa na mzaha.

"We mutoto! Umebeba nini?"

"Mavi, shefu."

"Unanitukana mi?"

"Apana, shefu. Ni mavi kweli."

Akauzamisha mkono wote mpaka kwenye kiwiko, anatafuta bomu. Alipoutoa, wenzake walianguka chini kwa kicheko. Yeye hakucheka. Aliunusa mkono, akaniuliza nani anaumwa. Nikamwambia. Akasogeza gogo la kizuizi mwenyewe.

"Pita haraka," akasema. "Hiyo inasaidia."

Kwa kawaida hadithi hii naikatia hapo. Nimeisimulia gereji, kwenye kahawa, kwenye harusi, na kila mara kiboko anaongezeka ukubwa. Watu wanashika mbavu, mtu ananinunulia chai, basi. Hakuna aliyewahi kuniuliza mtoto alipona au hakupona. Lakini nikiandika sioni meno ya mtu, kwa hiyo wacha niendelee.

Nilifika nyumbani shujaa. Bibi aliyaweka mavi juu ya makaa kwenye imbabura, jiko letu la mkaa, akamfunika Zaituni shuka pamoja na moshi wake. Bismillahi nyingi. Mtoto alikohoa, akakohoa, kisha akanyamaza. Kupapatika kulikoma. Jirani zetu waliokuwa mlangoni wakasema Alhamdulillahi, na mmoja akanipiga begani, "Huyu mutoto ni mwanaume." Nilivimba kama andazi.

Zaituni alilala mchana ule, akalala na kesho yake. Bibi alikataza asiamshwe, dege linamwachia polepole. Mama alikuwa akichungulia blanketi kwa kuiba, anamgusa midomo kwa kidole chenye maji. Mara ya mwisho alikifungua kiganja cha mtoto, akakiona cheupe kama karatasi. Alimwita jina lake, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Zaituni hakugeuka.

Mama hakubishana na mtu. Alimbeba akatoka naye. Baba alimfuata mbio, nami nyuma yake. Barabara kubwa tuliivuka katikati ya mawe na moshi wa matairi, na hakuna aliyetugusa. Wale vijana walimwona mama yangu usoni wakatupisha. Njia ilikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Muuguzi wa dispensari alimpandisha kope, akambonyeza ukucha.

"Mulikuwa wapi?" akauliza. "Ni malaria. Imepanda mu kichwa, damu imekwisha."

Alitafuta mshipa kwenye mkono, akatafuta kwenye mguu, akaupata kichwani. Kwinini ilianza kudondoka kwenye mpira. Nilikuwa naitazama chupa, na chupa ilikuwa bado imejaa muuguzi alipoifunga.

Bibi alimwosha. Aliiona alama ya sindano pale juu ya sikio. Hakutamba, siwezi kumsingizia. Alitoka nje akakaa na wanawake, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Niliwaambia." Na Buyenzi nzima ilisikia. Msimu ule wa mvua, watoto wengine wa mtaa wetu walipopandwa na homa, mama zao walitaja jina la dada yangu kuwa ndiyo ushahidi.

Imenichukua umri huu kuielewa mikono ya bibi. Iliyoyasema yalikuwa kweli. Kila mtoto wa degedege aliyemwosha alikuwa amechomwa sindano, kwa sababu kila mmoja alipelekwa akiwa amekwisha kuisha, na waliopelekwa mapema wakapona hawakufika kwenye mikono yake. Walikuwa nje wanacheza, wasiwe ushahidi wa chochote. Alihesabu makaburi kwa uaminifu, akafuata hesabu yake mpaka kwa mjukuu wake. Mwenyewe alikufa akiamini hivyo, na mimi nilikuwa sijapata maneno ya kumbishia. Nikiyapata leo nambishia nani?

Sasa nina watoto. Mmoja akipata joto namvua nguo nzito, nafungua dirisha, namnywesha maji kidogo kidogo tukiwa tayari njiani kwenda achomwe kidole waangalie damu. Sisubiri jioni nione kama itashuka. Wenzangu wa gereji wananitania.

"Eh muzee, mutoto amepiga chafya tu, unaacha moteri ya gari wazi?"

Nawaambia pale dispensari kuna muuguzi, mwanamke mzuri kuliko wote wa Bujumbura, natafuta tu sababu ya kumwona. Wanacheka, wananiruhusu. Muuguzi mwenyewe ni mwanaume mwenye kipara. Kila nikifika ananiuliza homa imeanza lini, nami namjibu, "Sasa hivi."