Mwaka Mmoja Ambao Haukuwepo

Mjomba alikuja nyumbani mwaka mmoja kabla ya wakati wake, na mimi ndiye niliyekuwa na ushahidi.

Ushahidi wenyewe ulikuwa shajara yangu ya Fomu Moja. Niliandika humo kwa kalamu nyekundu kwamba mama alipokea simu akiwa kwenye cherehani, akaondoa mguu kwenye pedali, akasema "miaka mitatu" mara mbili, kama mtu anayerudia vipimo vya nguo ili asivisahau. Mjomba ni ndugu yake mdogo. Alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa. Mwenye trekta alilalamika kwamba dizeli inapotea, na mahakama ikasema mjomba ndiye aliyekuwa akiiuza. Siku hiyo mama aliniambia tusilizungumze jambo hilo, na mpangaji yeyote wa ploti yetu akiuliza, mjomba yuko Eldoret, anaendesha lori.

Kwa hiyo alipoingia kwenye geti letu mtaani Shieywe mwaka huu, shule zikiwa zimefunguliwa mwezi mmoja tu, mimi nikiwa Fomu Tatu, nilihesabu. Miaka miwili tu. Nikafungua shajara ya zamani nikahesabu tena kwa vidole. Mwaka mmoja haukuwepo.

Mtu mwingine angeuliza. Mimi siwezi kuuliza. Hata darasani nikitaka kwenda msalani hungoja kengele ilie. Watu hudhani nina adabu, lakini ukweli ni kwamba swali likinitoka mdomoni wote hugeuka kunitazama, na mimi nimezoea kuwatazama wao.

Basi nikatazama.

Kwanza, hakulala ndani. Siku mbili za mwanzo alilala kwenye stoo ya nyuma, kati ya gunia la makaa na mabaki ya vitambaa, na mama alimpelekea chakula huko kwa sahani ya plastiki ambayo sijaiona tena. Kisha Jumapili asubuhi mama, ambaye huenda kanisani hata akiwa na malaria, alisema kichwa kinamuuma. Akanituma peke yangu. Nilifika kwenye kona nikakumbuka nimeacha Biblia, nikarudi. Nyuma ya nyumba nilimkuta mjomba amekaa kwenye kigoda bila shati, mama akimnyoa kwa wembe, nywele zote pamoja na ndevu. Kando yao nguo alizokuja nazo zilikuwa zikiungua, suruali, shati, mpaka raba za miguuni, zikitoa moshi mweusi unaonuka. Mama alikuwa akisema maneno ya Kiluhya kwa sauti ya chini. Hayakuwa maombi, angalau si ya kanisa letu. Hawakuniona. Nilirudi kinyumenyume, nikaenda kanisani bila Biblia, na nilipoulizwa mama yuko wapi nikasema ni mgonjwa.

Nilikaa kwenye benchi nikiwaza: kwa nini mtu aliyefunguliwa kwa haki abadilishwe sura?

Wiki hiyo hiyo, msichana ninayekaa naye dawati moja aliniazima flashi. Kijana wa duka la muvi mjini alikuwa amemwekea filamu tano, zote zimetafsiriwa. Yaani kuna mwanamume anayezungumza juu ya sauti za waigizaji, anasimulia kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake. Jumamosi alasiri nilizifungua kwenye simu ya mama, na mjomba akavuta kiti. Alichagua iliyo ya zamani kuliko zote, ya wafungwa watatu waliotoroka gereza lililojengwa kisiwani, huko ng'ambo.

"Hii ni kisa cha kweli," mtafsiri alionya mwanzoni. "Si ya kudanganya watoto. Kama una roho nyepesi, nenda ukapike."

Wafungwa walichimba ukuta kwa kijiko, kidogo kidogo, miezi na miezi. Wakatengeneza vichwa vya bandia, wakavibandika nywele zilizookotwa kwa kinyozi wa gereza, wakavilaza kitandani ili askari akipita aone watu wamelala. Hapo nilimtazama mjomba kichwani. Kilikuwa kinang'aa.

"Rudisha hapo," akasema.

Nikarudisha.

"Ona, anahesabu akitembea." Alicheka kidogo kwa pua. "Hawahesabunga hivyo. Unachuchumaa, watano watano, mikono juu ya kichwa, mpaka hesabu iingiane. Isipoingiana mnakaa hapo hata kama inanyesha."

"Na kama mtu hayuko?" Nilijishangaa kusikia sauti yangu.

"Kama hayuko, hesabu haiingiani."

Mama hakuinua macho kwenye cherehani. "Wewe wacha kuambia mtoto hiyo mambo."

"Si ni yeye ameuliza, dada."

"Akikuuliza, mjibu na ya Eldoret."

Filamu iliisha na wale watatu wakiingia majini. Mtafsiri akasema serikali iliwatafuta mpaka ikachoka, na hadi leo hakuna anayejua walikoishia. "Wengine wanasema samaki aliwala," akaongeza. "Mimi nasema mmoja wao ako kwa dada yake, amenyoa kipara, anakula obusuma na ingokho."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Nilimwona ameshika kitambaa bila kukishona, na kuanzia dakika hiyo nikawa na hakika. Yule mtafsiri alikuwa ameitaja nyumba yetu mbele yetu sote, ugali na kuku na kila kitu, na mama alikuwa amemsikia.

Sikuogopa kwa ajili ya mjomba, nikisema ukweli. Niliogopa kwa ajili ya mama. Mwalimu wa Historia alishatuambia kwamba anayemficha mtoro naye hushtakiwa. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Wakimchukua mama, ningebaki na cherehani nisiyojua hata kuitia uzi.

Tena muda ulikuwa mfupi. Mzee mmoja wa kanisa letu ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na lori lake lilikuwa halina dereva. Mama alimpa ile hadithi ya Eldoret, akakubali mjomba aanze baada ya wiki mbili. Mimi nikaona barabara, kizuizi cha polisi, leseni mkononi mwa askari, kisha gari linakuja mpaka kwetu. Kila gari lililosimama nje ya geti lilimfanya mjomba asimame pia. Niliyaandika yote. Wakati mmoja niliandika hata namna alivyokunja blanketi lake, pembe kwa pembe, kama anayengoja mtu aje kulikagua.

Shuleni kwetu kuna sanduku la maoni nje ya chumba cha ushauri. Watu hutia humo malalamiko ya maharagwe yenye wadudu. Jumatano nilichana ukurasa wa shajara nikaandika:

*Mjomba wangu alifungwa miaka mitatu lakini ametoka baada ya miwili. Mama amemnyoa na kuchoma nguo zake. Naogopa mama atashikwa kwa sababu ya kumficha. Naomba mumwambie aondoke kwetu.*

Sikutia jina. Sikufikiri kwamba mwalimu wa ushauri ndiye anayetufundisha Kiswahili, na kwamba amesoma insha zangu tangu Fomu Moja na anaujua mwandiko wangu. Alhamisi aliingia darasani, akanitazama mara moja, akaendelea na ngeli. Ijumaa vivyo hivyo. Nikadhani karatasi imepotea kati ya maharagwe.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, naibu wa chifu aliingia getini na mwanamume mwingine aliyevaa koti la kawaida na viatu vya polisi. Mjomba alikuwa anafua karibu na bomba. Kabla mtu hajasema neno, aliweka shati chini, akachuchumaa, akaweka mikono yake kichwani, na povu la sabuni likawa linamtiririka masikioni. Kisha akasogea kidogo kushoto. Sikuelewa wakati ule. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anawaachia nafasi wale wengine wanne.

Ploti nzima ilikuwa nje. Mama anayepika chapati nyumba ya tatu alisimama mlangoni kwake na kifimbo cha kusukumia mkononi.

"Inuka, bwana," naibu wa chifu alisema. Aliona haya kuliko sisi. "Nani amekwambia uchuchumae?"

Mjomba hakuinuka mpaka yule wa koti aliposema, "Simama." Hapo akasimama mara moja.

Mama alitoka, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Aliposikia wamepata habari kwamba kuna mtoro, aligeuka. Alirudi ndani, akatoka na bahasha.

"Soma," akasema. "Soma kwa sauti, kwa sababu mmeshanikusanyia watu."

Naibu wa chifu akasoma. Kifungo, miaka mitatu. Msamaha wa theluthi moja kwa tabia njema. Tarehe ya kufunguliwa ilikuwa ile ile aliyofika kwetu, na muhuri ulikuwepo.

"Hii ni kawaida," yule polisi alisema, akimrudishia mama karatasi. "Ukipigwa mitatu na ukae vizuri, unakaa miwili. Karibu kila mtu anapatanga. Nani hajui?"

Mimi sikujua. Nilipata alama tisini na moja katika hesabu muhula uliopita, na theluthi moja ya tatu ni moja.

"Mama, ungekuja tu ofisini ukanijulisha," naibu wa chifu akasema.

"Nikujulishe pale kwa benchi, watu kumi wakingoja barua?"

"Na hizo nguo? Tumeambiwa pia zilichomwa."

Mama alitazama upande wa mama wa chapati, ambaye dirisha lake la nyuma linatazamana na ua wetu, kisha akasema polepole, "Ni ya nyumbani. Kukhu wa huyu mtoto alituachia hivyo. Mtu akitoka jela haingii kwa nyumba ya watu na nywele ya huko, na nguo ya huko. Ananyolewa kwanza. Mimi ni mama wa kanisa, sikutaka kuonekana nikifanya. Basi, mmeniona."

Naibu wa chifu aliangalia viatu vyake. "Hata kwetu walifanyanga hivyo," akasema, wakaondoka.

Mimi nimezaliwa mjini. Kukhu, mama yake mama, alikufa kabla sijajua kumsikiliza, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu hunyolewa ili akaribishwe. Nilichojua kuhusu wembe na jela nilikuwa nimekitoa kwenye flashi.

Jumapili kanisa zima lilijua. Jumatatu mzee wa duka alituma ujumbe kwamba mjomba angoje kwanza, atampigia. Na mama, kwa upande wake, alikuwa ameshampata mchongezi. Ni nani mwingine anayeona ua wetu wa nyuma? Aliacha kununua chapati nyumba ya tatu, kisha akaacha salamu. Siku moja yule mama alimzuia bombani.

"Jirani, nimekukosea wapi?"

"Jiulize," mama akajibu.

"Nimejiuliza mpaka nimechoka. Hebu niambie."

"Wewe si unaonanga kila kitu? Angalia uone."

Nilikuwa hapo, nimeshika ndoo. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilipata nafuu. Alikuwa amepatikana mtu mwingine wa kubeba lawama. Nafuu hiyo ilidumu siku tisa hivi.

Simu ya duka haikuja. Mjomba alipata kazi ya kupakia miwa upande wa Matete, kwa mtu asiyeuliza mtu alikuwa wapi. Asubuhi ya kuondoka alikuwa anafunga begi, mama ametangulia kumnunulia mkate. Nilisimama mlangoni nikasema kwa haraka, kabla ulimi haujakumbuka kuogopa, "Ni mimi niliyesema. Niliandika karatasi shuleni."

Aliendelea kufunga zipu mpaka mwisho.

"Uliandika jina langu?"

"Hapana. Niliandika mjomba."

"Na mama yako?"

"Niliandika kwamba naogopa atashikwa."

Alikaa kitandani. Nilidhani atanipiga, na ningeona ni haki. "Kumbe ulikuwa unanihesabu," akasema. "Ungeniuliza tu, mpwa wangu."

"Singeweza."

"Hata mimi singeweza kuanza kukuambia. Ungeanza wapi kumwambia mtoto wa dada yako?" Akapangusa uso kwa kiganja. "Lakini mimi naenda. Huyo mama wa chapati ndiye anabaki hapa. Anza na yeye. Mwambie mama yako akirudi, halafu muende wote."

Mama alirudi na mkate, nikamwambia. Hakunigombeza. Aliweka mkate mezani, akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akanitembeza mpaka nyumba ya tatu, akanisimamisha mbele ya jiko.

"Sema," akasema.

Nilisema. Yule mama alinisikiliza huku akigeuza chapati, na aliiacha ikaungua upande mmoja.

"Kumbe ni wewe," akasema. Hakupandisha sauti. "Na vile nimekuwa nikikuhurumia, nikisema huyu mtoto ananyamazanga, labda ako na shida."

"Jirani, nisamehe," mama akasema nyuma yangu.

"Wewe nimekusamehe. Huyu nitamfikiria."

Yeye na mama walipatana siku hiyo hiyo. Mama hununua chapati sita kila Ijumaa, na wakati mwingine hukaa huko mpaka jua linazama. Mjomba hupiga simu Jumapili. Huongea na mama kwa muda mrefu, na akimaliza humwambia anisalimie, lakini hajaomba simu niletewe.

Nami nikienda bombani jioni, nakuta wanawake wa ploti wamesimama na ndoo zao, wakizungumza.

"Ngojeni kwanza karani achote maji," mama wa chapati husema, na wote hunyamaza mpaka ndoo yangu ijae.