Mpishi wa Kasulu Anayeonjewa Ugali Wake

Jua limepanda juu ya soko la Kasulu, na Esteri Niyubahwe ameukamata mwiko kwa mikono miwili. Ugali wa muhogo una ubishi wake, lakini hapa umekutana na mbishi mwenzake.

Akishaupakua, yeye haugusi. Mwalimu Nurudini, mteja wake aliyehamia kikazi kutoka Tanga, ananawa, anamega tonge, anachovya kwenye maharage ya mawese na kumeza huku wenzake wakimtazama. "Shwari, Mama Ange," anamwambia Esteri. Ndipo wengine wanapoanza kula.

Kazi hiyo ya kuonja ilikuwa ya Esteri. Mama yake alitoka nayo Burundi: mpishi hula wa kwanza mbele ya wageni, wajue chakula hakina neno. Asiyeonja hapewi kazi ya kupika.

Utotoni Esteri alikunywa kwa bahati mbaya maji makali ya kutengenezea sabuni. Kovu likabaki kwenye umio, likazidi kubana hadi uji ukawa unapita kwa shida. Mwaka jana, madaktari wa hospitali ya rufaa walimwekea humo mrija wa wavu wa chuma kutanua njia. Wakamwonya ale vyakula laini tu mpaka watakapoutoa.

"Niliwaitikia ego, ego," anasema akicheka, yaani ndiyo kwa Kirundi. "Halafu nikaenda kupika harusi Kibondo."

Wakwe walikuwa wameshanawa, wanamsubiri mpishi. Esteri aliona haya kujieleza. Akameza tonge zima, gumu, la moto.

"Nikasikia kitu kinashuka kifuani. Nilitabasamu hivyo hivyo, bibi harusi asifedheheke."

Siku chache baadaye hata maji yalimkwama. Picha ilionyesha mrija umeteleza hadi tumboni. Madaktari waliuvuta kupitia mdomoni kwa kifaa chenye kamera, wakaweka mwingine na kuubana usihame. Daktari hakumficha: "Mama, chuma hiki kingeweza kukutoboa utumbo. Ungekufa kwa tonge moja?"

Aliporudi sokoni likambakia lile gumu kuliko hospitali, kusema ukweli. Akasimama mbele ya wateja.

"Ugali siwezi kumeza, nina chuma kooni. Mwenye hofu nami aende, sitamlaumu."

Wengine walinyanyuka. Bi Elieth, muuza ndizi wa meza ya jirani, akanyoosha mkono. "Lete hapa! Huyu kanilisha miaka yote, leo ndiyo aniue?"

Akala. Tangu hapo wateja hupokezana kuonja, na waliokimbia wamerudi mmoja mmoja. Esteri analisimulia hilo kifua mbele, na ana haki, maana si kila mpishi anayeaminiwa kwa neno lake tu.

Mrija utatolewa mwezi ujao. Umio ukibaki wazi, ataruhusiwa kula ugali. Je, ataichukua tena kazi yake ya kuonja?

Anatikisa kichwa. "Hiyo waendelee nayo, wameshaizoea. Mimi nataka mtu anipakulie, nikae nao kwenye benchi, nile mpaka nishibe."